Uzi wa nailoni, uma wa mtetemo au ncha ya kidole: kipimo kipi cha awali cha neva kwa mwenye kisukari?

Kisukari kinapoharibu neva huanzia mbali, kwenye vidole vya miguu, ambako nyuzi za neva ni ndefu kuliko zote mwilini, kisha ganzi hupanda taratibu kama soksi inayovutwa kuelekea gotini. Baadhi ya watu hupata onyo mapema: nyayo huwaka moto usiku, vidole huchomwachomwa kama kwa sindano, na mguu hauvumilii hata uzito wa shuka. Wengine, ambao wanakadiriwa kufikia nusu ya wenye tatizo hili, hawapati dalili yoyote ya kuwashtua; mguu hunyamaza tu, na mwenyewe huuchukulia ukimya huo kuwa ni uzima. Ndiyo maana haitoshi kumwuliza mgonjwa kama ana ganzi. Mguu wenyewe hauna budi kuulizwa.

Miongozo mingi inakubaliana kuhusu wakati wa kuanza. Mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe tangu siku anapogundulika, kwa kuwa huenda sukari ilikuwa juu kwa miaka kadhaa kabla hajajua. Mwenye aina ya kwanza apimwe kuanzia miaka 5 baada ya kugundulika. Na wote warudie angalau mara moja kila mwaka. Mashaka huanza pale mtu anapotakiwa kuchagua kifaa. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mhudumu wa afya anayeamua ni kipimo kipi akitumie kila siku, na pia kwa mgonjwa au ndugu yake anayetaka kujua kama mguso wa kidole unaofanyiwa nyumbani una maana yoyote.

Mizani ya kulinganishia

Jambo la kwanza la kuangalia ni aina ya neva ambayo kipimo kinaifikia. Nyuzi nene hubeba mguso, mtetemo na taarifa za mahali kiungo kilipo, ilhali nyuzi nyembamba hubeba maumivu, joto na baridi. Kisukari huweza kuziumiza zote, lakini hakilazimiki kuziumiza kwa wakati mmoja, hivyo mtu anayelalamika kuwa miguu inawaka anaweza kufaulu vizuri kipimo cha mtetemo na bado akawa na neva zilizokwisha kuumia.

La pili ni swali ambalo kipimo kinajibu, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Kuuliza kama neva zimeanza kuumia si sawa na kuuliza kama mguu umepoteza hisia ya kujilinda, yaani umefikia hali ambayo mtu anaweza kutembea kutwa nzima na changarawe ndani ya kiatu, akaiona jioni tu anapovua na kukuta damu kwenye soksi. Swali la kwanza linahusu mwanzo wa ugonjwa. La pili linahusu hatari ya kidonda. Kipimo kinachojibu moja vizuri kinaweza kulijibu jingine vibaya, na ugomvi mwingi juu ya kipi ni bora hutokana na pande mbili kuzungumzia maswali mawili tofauti.

Yanayobaki ni ya kawaida zaidi: kifaa kinachohitajika na utunzaji wake, namna kipimo kinavyoweza kudanganya, na nani anaweza kukifanya akaaminika.

Uzi wa nailoni wa gramu 10

Wahudumu huuita monofilamenti. Ni uzi mmoja mfupi wa nailoni uliochomekwa kwenye mpini, ambao huwekwa wima juu ya ngozi na kusukumwa mpaka ujikunje kama upinde, ukashikiliwa hapo kwa sekunde moja au mbili, kisha ukaondolewa bila kuburuzwa. Siri yake imo katika kujikunja huko. Nailoni ikishapinda, kusukuma zaidi hakuongezi kwa kiasi cha maana nguvu inayoifikia ngozi, kwa hiyo mwenye mkono mzito na mwenye mkono mwepesi hutoa takriban nguvu ileile ya gramu 10. Nyuzi za namna hii, zinazojulikana kwa majina ya Semmes na Weinstein, zilianza kutumika katika uchunguzi wa watu waliojeruhiwa ubongo, zikapata makao ya kudumu katika huduma za ukoma, ugonjwa mwingine unaonyamazisha miguu, kabla ya kuwa kifaa cha kila siku cha kliniki za kisukari.

Uzi huu hupima nyuzi nene, na swali lake ni lile la pili: je, hisia ya kujilinda bado ipo? Anayeuhisi hajaambiwa kwamba neva zake ni nzima. Ameambiwa tu kwamba ulinzi haujaondoka. Kwa kugundua uharibifu ambao ndio kwanza unaanza, uzi wa gramu 10 ni kipimo kizito mno, na mtu anaweza kuufaulu kwa miaka huku neva zikiendelea kudhoofika chini yake.

Mwongozo wa kimataifa wa mguu wa mwenye kisukari, unaotolewa na kundi la wataalamu liitwalo IWGDF, hutaja sehemu tatu za unyayo katika kila mguu: upande wa chini wa kidole gumba, kisha kwenye shina la kidole gumba na shina la kidole kidogo, pale mifupa inapobeba uzito wa mwili. Miongozo mingine huongeza shina la kidole cha kati. Penye sugu, kidonda au kovu hapapimwi, bali pembeni yake. Mgonjwa huguswa kwanza mkononi au kwenye paji la uso ili ajue anachokisubiri, kisha hufumba macho, na kila sehemu huulizwa mara tatu, mara moja kati ya hizo ikiwa ni swali la mtego ambalo huulizwa bila kugusa. Akipatia mbili kati ya tatu, hisia ipo; akikosea mbili, sehemu hiyo imepoteza ulinzi.

Swali la mtego si pambo. Mpimaji anayegusa na kuuliza kwa mwendo usiobadilika humfundisha mgonjwa mdundo bila kukusudia, na mzee mwenye adabu zake, macho ameyafumba, akisikia tu mkono wa koti ukipapasa karibu na mguu wake atasema “ndiyo, nahisi” kwa sababu haoni vyema kumwangusha kijana anayemhudumia. Majibu yote yatakuwa sahihi, na hakuna hata moja litakalokuwa limetoka mguuni. Uliza mara mbili bila kugusa, katika nafasi zisizotabirika, na ukweli utajitokeza mara moja.

Udanganyifu wa pili unatoka kwenye uzi wenyewe. Nailoni huchoka: ikipindishwa mara nyingi siku moja hulegea, na nguvu yake hushuka chini ya gramu 10, hivyo watu wenye hisia za kutosha huonekana kama wamezipoteza. Pendekezo la mwongozo uliotajwa ni kuupumzisha uzi kwa saa 24 baada ya kupima watu 10 hadi 15, kwa kutegemea aina ya uzi, na kuutupa baada ya watu 70 hadi 90. Joto na unyevu navyo hubadilisha ugumu wake. Uzi uliokwisha kupinda kabisa, wenye umbo la ndoano, haufai hata kama mpini wake unang'aa; na kwa bahati mbaya nyuzi za namna hiyo hukaa kwenye droo kwa muda mrefu kuliko zilizo nzima.

Unamfaa mhudumu aliyefundishwa, mwenye utaratibu wa kuhesabu matumizi na uhakika wa kupata uzi mwingine.

Uma wa mtetemo

Hiki ni chuma chenye meno mawili kama uma, ambacho kikigongwa kwenye kiganja hutetemeka mara 128 kwa sekunde. Kitako chake huwekwa wima juu ya mfupa, upande wa juu wa kidole gumba cha mguu, nyuma kidogo ya ukucha. Asipohisi hapo, mpimaji hupanda hadi kwenye kifundo cha mguu, kisha kwenye mfupa wa ugoko chini ya goti, na kwa njia hiyo hupata kujua ganzi imefika wapi, jambo ambalo uzi wa nailoni haulionyeshi kwa urahisi.

Nacho hupima nyuzi nene, lakini kinakaribia zaidi swali la mwanzo wa uharibifu, kwa kuwa hisia ya mtetemo huweza kupungua wakati mguso wa gramu 10 bado unahisiwa. Ndiyo sababu watu hawahawa hutoa majibu yanayotofautiana kwenye vipimo viwili, na tofauti hiyo si lazima iwe kosa la mpimaji.

Kwa upande wa utunzaji hakina mshindani. Hakichakai upesi, hakihitaji betri, husafishwa kwa kupanguswa, na kikidondoka huokotwa kikatumika tena. La kuangaliwa ni namba iliyochongwa kwenye mpini: uma za 256 na 512, ambazo hutumika kupimia masikio, hazifai kwa kazi hii. Ipo pia aina yenye vizito na mizani ya 0 hadi 8, ambayo humwezesha mpimaji kuandika namba badala ya “anahisi” au “hahisi”, na hivyo kulinganisha mwaka huu na mwaka uliopita. Ni nzuri kwa kufuatilia, ingawa kuisoma mizani yake wakati chuma kinatetemeka kunahitaji mazoezi.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba chuma kina baridi na kina uzito. Mgonjwa aliyepoteza kabisa hisia ya mtetemo bado anaweza kuhisi baridi au mgandamizo, akajibu “nahisi” kwa uaminifu kamili. Dawa yake ni kumfundisha tofauti kabla ya kuanza: weka uma unaotetemeka kwenye kifundo cha mkono wake, ushike meno yake unyamaze, umwekee tena, kisha umwambie kwamba swali ni juu ya ile hali ya kwanza tu. Hata mtego wa kipimo hiki hutumia hila hiyohiyo, yaani uma ulionyamazishwa huwekwa kidoleni kana kwamba unatetemeka. Nguvu ya kugonga nayo hutofautiana kati ya mtu na mtu, na mguu uliovimba huzuia mtetemo kufika mfupani. Zaidi ya hayo, hisia ya mtetemo hupungua kwa umri hata kwa asiye na kisukari, kwa hiyo jibu baya la mtu wa miaka 80 lisibebe uzito uleule kama la mtu wa miaka 40.

Unahitaji mhudumu aliyefundishwa, na hasa mwenye subira ya kueleza.

Mguso wa ncha ya kidole

Kipimo hiki kilibuniwa katika hospitali ya Ipswich, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2011, kwa lengo la kuwatambua wagonjwa waliolazwa ambao miguu yao ilikuwa hatarini, wakati ambapo uzi wa nailoni haupatikani wodini. Hakihitaji kitu chochote. Mgonjwa hulala au huketi amenyoosha miguu, huambiwa ni upi mguu wa kulia na upi wa kushoto, hufumba macho, na mpimaji huweka ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi, kwenye ncha za vidole sita: kidole gumba na kidole kidogo cha mguu wa kulia, kidole gumba na kidole kidogo cha kushoto, kisha kidole cha kati cha kulia na cha kushoto. Kila mguso hukaa sekunde moja au mbili, naye husema “kulia” au “kushoto” kila anapohisi. Akikosa viwili au zaidi kati ya vidole sita, achukuliwe kuwa hisia zake zimepungua na apelekwe kwa uchunguzi kamili.

Swali lake ni lile la uzi wa nailoni, yaani ulinzi wa mguu, na katika utafiti uliokitambulisha majibu yake yalikaribiana sana na ya uzi huo. Hilo huwashangaza wanaodhani kwamba kipimo kisicho na kifaa ni cha kubahatisha. Hata hivyo kidole cha mtu hakina kikomo kilichojengwa ndani yake kama nailoni inayojikunja, na hapo ndipo makosa yanapoingia. Kugusa kukigeuka kuwa kubonyeza, kugongagonga au kupapasa, mgonjwa atahisi kwa kupitia nyuzi nyingine au kwa kule kidole kuyumbishwa. Kila kidole huguswa mara moja tu. Asipojibu hapatafutwi nafasi ya pili, na kishawishi cha kumpa nafasi ya pili ni kikubwa hasa pale anayepimwa anapokuwa mama yako mzazi.

Mtu yeyote aliyesoma maelekezo anaweza kukifanya, isipokuwa mwenye mguu wenyewe. Anayejigusa hupata taarifa kutoka pande mbili, na kidole cha mkono huhisi hata pale kidole cha mguu kilipokufa ganzi. Mke na mume ambao wote wana kisukari wanaweza kupimana, lakini ikiwa mmoja ana ganzi mikononi itamwia vigumu kujua anagusa kwa wepesi kiasi gani, na ni afadhali kazi hiyo aachiwe mwingine.

Pini na nyundo, kwa kifupi

Pini huuliza nyuzi nyembamba, jambo ambalo vipimo vitatu vilivyotangulia havifanyi. Mgonjwa huguswa juu ya ngozi, karibu na ukucha wa kidole gumba, kwa ncha kali na kwa upande butu, akaulizwa ni upi. Pini hutumika kwa mtu mmoja kisha hutupwa, na ngozi haitobolewi. Sindano ya kuchomea dawa haifai, kwa sababu imetengenezwa kukata. Anayelalamika kuwaka moto lakini amefaulu uzi na uma anahitaji kipimo hiki, au kipimo cha kutofautisha joto na baridi.

Nyundo ya mpira kwenye kano ya kisigino ina faida moja kubwa, nayo ni kwamba haitegemei sana neno la mgonjwa: mguu hurusha au haurushi. Kwa upande mwingine, mwitikio huu hutoweka kwa wazee wengi walio wazima, na kuupata kwa uhakika kunahitaji mkono uliozoea. Kwa upimaji wa haraka wa watu wengi si chaguo la kwanza.

Kile ambacho hakuna kipimo kati ya hivi kinachokisema

Vyote huonyesha kwamba hisia zimepungua, wala havisemi ni kwa nini. Upungufu wa vitamini B12, ambao huweza kuwapata wanaotumia metformini, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu, pombe, ugonjwa wa figo na tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu huweza kuleta ganzi inayofanana na ya kisukari. Ganzi ya upande mmoja, inayopanda kwa siku chache, au inayoambatana na udhaifu wa misuli kupita kiasi cha ganzi yenyewe, haimsubiri mtu hadi kipimo cha mwaka. Ni ya kupelekwa kwa daktari mara moja. Aidha, hakuna kati ya vipimo hivi kinachopima mzunguko wa damu, ambao huangaliwa kwa kupapasa mapigo ya miguu.

Kuchagua kwa kufuata hali

Kwenye kliniki inayopokea wenye kisukari wengi kila wiki, uzi na uma vikitumika pamoja hufidiana, na IWGDF yenyewe huvitaja vyote viwili. Pale bajeti inaporuhusu kimoja tu, mimi ningejiuliza kama nyuzi zitaendelea kununuliwa baada ya pakiti ya kwanza kuisha. Kama ndiyo, uzi una utaratibu ulio wazi na unaofundishika kwa saa chache. Kama sivyo, uma utaendelea kusema kweli muda mrefu baada ya uzi kulegea.

Wodini, ambako mgonjwa amelazwa kwa jambo jingine na visigino vyake vinaweza kuchubuka kitandani kwa siku mbili tu, mguso wa kidole unatosha kumtambua anayehitaji kulindwa, na muuguzi wa zamu anaweza kuufanya bila kutafuta kabati la vifaa. Hali ni hiyohiyo kwa familia inayosubiri miadi ya mbali. Vidole vyote sita vikihisiwa, miadi ya mwaka ibaki palepale. Viwili vikikosa, isogezwe mbele.

Kwa kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza, au mtu ambaye dalili ndiyo kwanza zinaanza, mguso na uzi vitampa faraja isiyo ya kweli. Huyo anahitaji uma, ikiwezekana wenye mizani, pamoja na pini. Kwa mtu mzima sana ambaye uma na nyundo vimemwangusha lakini uzi anauhisi vizuri, umri unaweza kuwa sehemu ya maelezo, na uzi ndio unaosema zaidi juu ya hatari ya kidonda. Asiyeweza kufuata maelekezo, kwa mfano kwa sababu ya kupoteza kumbukumbu, hapimiki kwa uaminifu kwa njia yoyote inayotegemea jibu lake, na ni busara kumtunza kama aliye hatarini.

Jibu likishajulikana, ndilo linaloamua lini mguu utazamwe tena. Mwenye hisia kamili na mzunguko mzuri wa damu hurudi baada ya mwaka. Aliyepoteza hisia ya kujilinda hurudi kila miezi 6 hadi 12. Akiwa pia na mguu uliobadilika umbo au mishipa ya damu iliyoziba, kila miezi 3 hadi 6. Aliyepoteza hisia na ambaye amewahi kupata kidonda au kukatwa kiungo hurudi kila mwezi mmoja hadi mitatu, na kwa huyo kupima tena hisia kila anapokuja ni kumpotezea muda, kwa sababu jibu linajulikana. Dakika hizo zitumike kumvua viatu na soksi, kutazama kati ya vidole na chini ya sugu, na kupitisha mkono ndani ya kila kiatu hadi mwisho, ambako mara nyingine mshono uliochomoza au kijiwe kilichosahaulika hukutwa kikimsubiri.